Kiroba kwenye njia ya msikiti

ALFAJIRI moja ya mwezi wa Juni, baadhi yetu tulikuwa tukirejea kutoka msikitini baada ya Swala ya Alfajiri. Tunduma katika miezi hiyo ina baridi kali, kwani mji huu umekaa kwenye nyanda za juu na upepo wake wa usiku hupenya hata blanketi mbili. Barabarani malori yalikuwa yamekwisha kujipanga, moja nyuma ya jingine, yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mbele ya ghala la mahindi, pembeni mwa lundo la pumba, tulisikia sauti nyembamba. Wa kwanza wetu alidhani ni kinda la ndege. Wa pili akasema ni mtoto mchanga, na hapo sote tukasimama.

Kilikuwa ni kiroba cha unga kilichofungwa mdomo kwa kamba. Ndani yake walikuwamo watoto sita wa paka, wamelaliana kama vitambaa vilivyoloa. Macho yao yalikuwa hayajafunguka.

Makala hii ni habari ya kiroba hicho na ya mambo kiliyotulazimisha kujifunza. Hatuandiki ili tusifiwe. Katika wale sita, wawili walitufia mikononi, na tunaamini kwamba sehemu ya lawama ya vifo hivyo ni yetu. Tunaandika kwa sababu viroba vya namna hii bado vinatupwa, katika mji wetu na katika miji mingine, na kwa sababu familia nyingi za Kiislamu zinaipenda hadithi ya paka bila ya kujua la kufanya siku paka mwenyewe anapoletwa mlangoni.

Hadithi tuliyoizoea

Ndugu msomaji, hakuna miongoni mwetu ambaye hakuwahi kusikia katika darsa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a) na imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa. Mtume (s.a.w) alitaja makosa mawili pamoja: hakumlisha wala kumnywesha alipokuwa amemfungia, na wala hakumwacha ajitafutie riziki katika wadudu wa ardhini.

Tulikuwa tumezoea kuisikia hadithi hii kama habari ya mtu wa mbali, mtu katili asiyefanana nasi. Asubuhi ile, tulipokuwa tunahangaika na fundo la kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, ilitujia kwa namna nyingine. Kiroba kilichofungwa mdomo ni makosa yale mawili kwa wakati mmoja: hakuna chakula ndani na hakuna njia ya kutoka.

Kijana mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, "Basi tumekwisha kuwafungulia. Tuwaache hapa kwenye pumba, mama yao atawatafuta. Sisi tumeshatoka dhambini."

Mzee wetu muadhini hakukubali. Alisema, "Mwanangu, kumfungulia asiyeweza hata kutambaa si kumwacha huru. Ni kumbadilishia kiroba tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuwabebe. Mtoto wa paka hufungua macho kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kabla ya hapo haoni, hasikii vizuri, wala hawezi kuutunza mwili wake na joto. Kumwacha njiani kwenye baridi ya Juni, penye mbwa na magurudumu ya malori, hakuwezi kuitwa kumwachia ajitafutie riziki.

Makosa ya siku ya kwanza

Tuliwapeleka nyumba iliyo karibu. Kina mama wakawasha jiko, watoto wakaleta boksi, na mmoja wetu akakimbilia dukani kununua maziwa ya ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na huruma, na kila mmoja alikuwa hajui.

Tuliwanywesha wakiwa bado baridi, kwa maziwa yasiyopata moto sawasawa. Tukawalaza chali mkononi, kama anavyolazwa mtoto wa binadamu, tukawadondoshea maziwa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mmoja wao alipaliwa. Alihema kwa tabu mpaka karibu na Adhuhuri, kisha akanyamaza. Usiku wa siku ya pili alifuata mdogo kuliko wote, yule ambaye hakuwa na nguvu ya kunyonya tangu mwanzo. Binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyemkuta. Alituuliza swali moja tu: "Tungeuliza kwanza, angekufa?"

Asubuhi ya siku ya tatu tukaenda kwa mtaalamu wa mifugo, jambo tulilopaswa kulifanya siku ya kwanza. Alitueleza mambo ambayo tunayaandika hapa kwa utaratibu, ili asiyejua asije akarudia kosa letu.

Kwanza ni joto, kisha chakula. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kusaga maziwa, na ukimlisha akiwa baridi unamdhuru. Apashwe moto polepole kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kwenye khanga, ndani ya boksi, kwa namna ambayo anaweza kuisogelea na kujitenga nayo akizidiwa.

Pili, anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Akilazwa chali, maziwa huingia katika mapafu.

Tatu, maziwa ya ng'ombe peke yake humharisha, na kuharisha humuua mtoto mdogo haraka. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, lakini katika maduka ya mtaani kwetu hatukuyapata. Kwa dharura ya siku moja au mbili alituelekeza mchanganyiko wa maziwa na kiini cha yai, akasisitiza kwamba hilo ni daraja la kuvukia tu.

Nne, katika wiki mbili za mwanzo hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila baada ya kulishwa, apanguswe sehemu za chini kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kwani bila ya kulambwa na mama yake hawezi kujisaidia mwenyewe.

Tano, apimwe uzito kila siku. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na akiwa na afya huongeza kiasi cha gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Mizani ya dukani ilitutosha.

Kisha akatuuliza, "Na mama yao yuko wapi? Dawa ya kweli ni mama yao."

Tulimjibu kwamba hatujui. Tulikuwa tukijua jambo moja tu kuhusu aliyewatupa, kwamba hana imani. Hilo tulilisema wazi kwenye kibaraza cha duka, kwenye foleni ya maji na nje ya msikiti. Wapo waliomlaani kwa sauti.

Aliyefunga kamba

Alasiri ya siku hiyo hiyo alikuja mama mmoja jirani, akasimama nje ya mlango bila ya kuvuka kizingiti. Tulimfahamu kwa uso. Ni mama anayefanya kazi ya kibarua ya kupepeta na kuchambua mahindi ghalani, analea watoto wake katika chumba kimoja cha kupanga. Alibisha hodi kwa sauti ya chini, akauliza kama wale paka wako hai.

Tulimwambia wanne wako hai. Alihesabu kimyakimya, kisha akaanza kulia.

Mwenye nyumba wake alikuwa amempa amri: paka na watoto wake waondoke, au yeye aondoke. Hakuwa na pa kuhamia. Aliufunga mdomo wa kiroba kwa sababu ya mbwa wanaozunguka usiku. Alikiweka kwenye pumba kwa sababu pumba hushika joto. Na alikiweka pale, mbele ya ghala, kwa makusudi.

"Ninyi mnapita pale kila alfajiri," alisema. "Nikajua mtasikia."

Mama huyu si Muislamu. Alizijua saa zetu za swala kuliko sisi tulivyoijua shida yake, ilhali tunaishi ukuta kwa ukuta.

Tukamuuliza alipo paka mama. Alisema yupo, anazunguka chumba usiku kucha akilia, na matiti yamejaa. Tukamuuliza kwa nini hakuja siku ya kwanza. Aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja mpaka dukani, akasikia tunavyomlaani mtu aliyefanya jambo lile, akarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipolielewa swali la binti yetu. Mama wa wale paka alikuwa hatua mia moja kutoka kwenye boksi letu, akiwa na maziwa yanayomwagika, wakati sisi tunawanywesha wanawe maziwa ya dukani. Kilichosimama katikati ni ndimi zetu. Hatusemi kwamba kamba ile ilikuwa sawa. Kumfungia kiumbe asiyeweza kujitetea ni kosa, na mama mwenyewe alilikiri. Lakini haki ya jirani katika dini yetu haina sharti kwamba jirani awe Muislamu, na jirani anayeogopa kutugongea mlango ni shahidi dhidi yetu.

Paka mama aliletwa kabla ya Magharibi. Aliwanusa wanawe mmoja mmoja, akaingia ndani ya boksi, akajilaza ubavu. Katika nyumba ile hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu.

Watu kwanza au paka kwanza?

Habari ilipoenea, yalikuja maswali. La kwanza lilitoka kwa mzee tunayemheshimu: "Kuna yatima katika mtaa huu. Kuna wagonjwa. Ninyi mnakesha na paka?"

Swali hili ni la haki, na tulilijadili kwa siku kadhaa badala ya kulikasirikia. Tulianza na jambo lililo wazi: zaka haiingii hapa. Wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60, na paka hayumo. Sanduku la yatima la msikiti pia haliguswi. Kilichobaki ni sadaka ya hiari, na katika hiyo mlango ni mpana. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna ujira hata kwa wanyama, Mtume (s.a.w) aliwajibu kwamba kuna ujira kwa kila kiumbe chenye uhai.

Waislamu waliotutangulia waliifanya huruma hii kuwa wakfu. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika karne ya 19, aliandika kwamba Sultani Baybars, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 1260 mpaka 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe. Bustani ile ilikuja kuuzwa, lakini desturi haikufa: katika zama za Lane, paka wa Cairo walikuwa wakilishwa kila alasiri katika uwanja wa mahakama ya kadhi.

Na katika zama zetu yupo Mohammad Alaa Aljaleel wa Aleppo, nchini Syria. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika vita. Majirani walipokimbia, aliwalisha paka walioachwa nyuma, mpaka akaanzisha kituo cha kuwatunza. Kituo chake cha kwanza kiliangamizwa kwa mabomu mwaka 2016, akaanzisha kingine nje ya mji. Mtu huyo huyo aliyewalisha paka ndiye aliyewabeba majeruhi kutoka kwenye vifusi. Tulimpelekea mzee wetu habari hii. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andikeni hesabu zenu, tuone kama yatima hakupungukiwa."

Tuliandika. Sisi ni nyumba nne tu, hatuna jina wala muhuri, tuna daftari na kopo la shilingi za kubaki. Tulijiwekea kanuni kwamba wiki ambayo kopo la paka limepokea kitu na sanduku la yatima halikupokea kitu kutoka katika nyumba zetu, kopo linafungwa. Tangu hapo halijafungwa.

Jambo jingine tulilojifunza ni kutozidisha. Watoto wetu walirudi wakisimulia kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa na paka wake aliyeitwa Muezza na kwamba alikata mkono wa kanzu ili asimwamshe. Kisa hiki ni maarufu, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Vilevile usemi kwamba kumpenda paka ni katika imani, maulamaa wa hadithi wameuhesabu kuwa ni wa kuzuliwa. Yaliyothibiti yanatosha. Abu Hurayra mwenyewe, kama alivyopokea Tirmidhi, alipewa lakabu hiyo kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akicheza naye mchana anapochunga kondoo za jamaa zake, na usiku akimweka juu ya mti.

Kuwatafutia nyumba

Mtoto wa paka huanza kula chakula laini akiwa na wiki nne hivi, na haifai kumtenga na mama yake kabla ya wiki nane. Wengi walitaka kuwachukua mapema. Tulikataa, na wapo waliokasirika.

Tulikubaliana pia kutowauza. Katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w) alikemea thamani ya mbwa na paka. Maulamaa wengi, akiwamo Imamu Nawawi katika maelezo yake, wamelichukua katazo hilo kwa paka kuwa ni la kuhimiza watu wapeane bure, na wakaruhusu kuuza paka mwenye manufaa. Sisi tulichagua njia iliyo mbali na shaka. Tulimtaka anayechukua atukubalie tu kwamba tutapita kumjulia hali mara mbili.

Mji wetu ni wa nafaka, na wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwenye ghala. Alitaka wote wanne. Tukamuuliza panya wake anawaua kwa nini. Akasema kwa sumu. Tukamweleza kwamba panya aliyekula sumu hutembea akiwa amelewa, na ndiye anayekamatwa na paka kwa urahisi. Hivyo sumu ya panya huishia tumboni mwa paka. Aliondoka bila ya kuahidi. Baada ya wiki tatu alirudi, akasema ameisafisha stoo na kuondoa sumu yote. Tukampa dume mmoja, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, alipotimiza wiki kumi.

Wa pili alikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Wa tatu alisafiri kwa basi ndani ya boksi lenye matundu mpaka Vwawa, kwa familia yenye mtoto ambaye hatembei. Kutoka Nakonde pia waliomba, kwani watu wa pande mbili za mpaka huu ni ndugu. Lakini mnyama anayevuka mpaka anahitaji cheti cha afya, chanjo na kibali, na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 hakiondoi wajibu huo. Hatukutaka kumpitisha paka kwa njia ya panya, tukawaomba radhi.

Akabaki wa nne, jike mweusi tii. Watu walimsifu kwa uzuri na kisha wakamkataa. Wengine walisema paka mweusi ni wa wachawi, wengine walisema ataleta mkosi dukani. Waliosema hivyo hawakuwa wasio Waislamu peke yao. Mtume (s.a.w) amekanusha imani ya mikosi, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Iwapo ndege hakuleti shari kwa upande anaorukia, paka hakuletei shari kwa rangi ya manyoya aliyoumbwa nayo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kuitunza tauhidi yake katika swala tano, kisha akaiacha mlangoni kwa kumwogopa mnyama wa gramu mia saba.

Mzizi wa tatizo

Kiroba cha pili kililetwa mwezi Agosti. Hapo tulitambua kwamba hatutaweza kuokota daima bila ya kuziba chanzo. Paka jike huanza kupata joto akiwa na miezi minne mpaka sita, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Akizaa mara mbili, wanne kila mara, hao ni wanane kutoka kwa mama mmoja, kabla ya kuwahesabu wajukuu.

Je, inajuzu kumfunga kizazi? Tulimuuliza sheikh wetu, naye hakutuficha kwamba kuna khitilafu. Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata, amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu pakiwapo manufaa. Miongoni mwa wanazuoni wa zama hizi wapo walioruhusu pale ambapo paka wamekuwa wengi na operesheni haina madhara, wakisema ni bora kuliko kuwaua. Sheikh alituambia tupime: upande mmoja kuna kisu cha daktari mwenye dawa ya ganzi, upande mwingine kuna kiroba. Kila familia na iulize kwa inayemwamini.

Sisi tulimpeleka paka mama Mbeya, mwendo wa kilomita mia na ushei, akafungwa kizazi na kurudi siku ya pili. Kazi ya namna hii si ngeni katika pwani yetu. Lamu, mji wa Kiislamu unaojulikana kwa paka wake warefu wembamba, una kliniki ya ustawi wa wanyama inayotibu paka na kuwafunga kizazi, mbali na kituo cha kutunza punda kilichofunguliwa mwaka 1987. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama na inamtaka mwenye mnyama amtunze.

Paka na afya ya nyumba

Mtume (s.a.w) alifundisha kwamba paka si najisi na kwamba ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Abu Qatada (r.a) aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, kisha akalitaja hilo. Lakini kutokuwa najisi hakuondoi haja ya tahadhari.

Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa anapotimiza miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mtoto akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maradhi hayo yakishaonyesha dalili, hayana tiba. Tusipake pilipili, tusisubiri.

Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwani kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma vinavyodhuru mimba. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa kuwa vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na mikono ioshwe kwa sabuni. Paka apewe pia dawa ya minyoo. Mwenye mimba hana haja ya kumfukuza paka. Anachohitaji ni mtu mwingine wa kusafisha.

Tunapomalizia

Paka mweusi bado tuko naye. Kila Ijumaa, jioni, yule mama jirani hupita akitoka ghalani na kuacha mlangoni kifurushi kidogo cha dagaa kilichofungwa kwa gazeti. Tulimwambia asijisumbue, kwani kipato chake tunakijua. Alijibu kwamba wawili walikufa, na hii ni kwa ajili ya hao. Hatukuwa na jibu, kwa sababu sehemu ya deni hilo ni letu. Tangu hapo tunapokea dagaa wake, na watoto wake hula chakula cha mchana kwetu siku za kazi ndefu.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Tukikuta kiroba njiani, na tukifungue. Tuwapashe moto kabla ya kuwalisha, tumuulize mjuzi kabla ya kujaribu. Na kabla ya kumlaani aliyefunga kamba, tugonge milango ya majirani zetu na kuuliza ni nani ana shida usiku huu. Huenda mama wa wale watoto yuko nyuma ya mlango mmojawapo, akilia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, alainishe nyoyo zetu kwa viumbe vyake na kwa majirani zetu, na atujaalie kuwa watu ambao aliye dhaifu hutamani tupite njia yake alfajiri. Amin.